Uzoefu wangu: chipu ya mbwa na chanjo ya kikohozi (niko England)

Naandika hii kwa wabongo na wakenya wenzangu mnaofuga mbwa huku, maana mwezi wa 11 mwaka jana ulinitesa sana na sitaki mtu mwingine yamkute.

Mbwa wangu anaitwa Popi, ana miaka 4, niliachiwa na mfanyakazi mwenzangu aliyehamia Uskoti. Alinikabidhi bakuli lake, blanketi, kadi ya chanjo, akaniambia "chipu anayo tayari usijali". Mimi nikajua yameisha.

Sasa ikafika usiku wa fataki, tarehe 5, mlango wa nyuma haukua umefungwa vizuri, ule mlipuko wa kwanza tu Popi akachomoka. Tumezunguka mitaa mpaka saa nane usiku tunamwita, mtoto wangu analia mpaka sauti imemkauka. Kumbe asubuhi yake ameshaokotwa, wamempitisha skana (kifaa cha kusomea chipu), namba ikatoka, wakapiga simu. Simu ya nani? Ya yule mwenye mbwa wa kwanza, laini alishaiacha zamani! Imeli nayo ya kazini kwake kwa zamani. Basi Popi akakaa siku 4 kwenye mabanda ya mbwa waliopotea huku sisi tunabandika picha zake kwenye nguzo za taa, hadi jirani mmoja mama mtu mzima akaniuliza mbona hujapiga halmashauri? Nilikua sijui kama wana kitengo cha mbwa. Na kisheria wanakaa naye siku 7 tu, zikipita anaweza kupewa mtu mwingine. Tulibakiza siku 3 jamani.

Hapa ndio nikaelewa chipu ni nini. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele, kinaingizwa kwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega, hakina betri, na wala hakioneshi mbwa yuko wapi. Dada yangu wa Mwanza aliniuliza si ungemuangalia tu kwenye simu, nikamwambia hapana, hiyo ni GPS, ni kitu kingine kabisa. Chipu inatoa namba yenye tarakimu 15 pale skana inapoisogelea, basi. Jina lako na simu yako haviko ndani ya mbwa, viko kwenye databesi, na asipobadilisha mtu vinabaki vilevile miaka yote. Kwa hiyo mbwa wangu alikua na chipu nzima inayofanya kazi vizuri kabisa, ila kwenye kumbukumbu alikua bado mbwa wa mtu mwingine.

Sheria yenyewe iko toka Aprili 2016, mbwa awe na chipu akifikisha wiki 8 na taarifa za anayemtunza ziwe sahihi. Wakikukuta hujarekebisha unapewa notisi ya siku 21, ukikaidi faini inafika pauni 500. Paka nao waliingizwa Juni 2024. Kubadilisha taarifa ilinichukua kama dakika 10 mtandaoni, dakika 10 ambazo ningezitumia siku ile ile naletewa Popi tusingelia hivyo. Angalieni pia hizo databesi ziko nyingi, kwanza uweke namba ya chipu kwenye tovuti ya kutafuta ujue yako iko kwa nani ndio ubadilishe huko.

Haya, Popi karudi, tumefurahi, siku ya 5 akaanza kukohoa. Si kikohozi cha kawaida, ni kama bata mzinga amekabwa, anakohoa kohoa mwishoni anajikakamua kama anatapika kinatoka povu jeupe. Mimi nikajua kakwamwa na mfupa, nikamfungua mdomo naangalia na tochi ya simu, hamna kitu. Veti (daktari wa wanyama) alimbonyeza koo kidogo tu kwa vidole viwili akakohoa hapo hapo, akasema huu ni ule ugonjwa wa mabandani, mbwa wengi wakikaa pamoja hewa moja bakuli moja wanaambukizana haraka. Vinavyoleta ni virusi kadhaa na bakteria anaitwa Bordetella, ndugu yake na yule wa kifaduro cha watoto. Nikamuonesha kadi, mbona chanjo zote anazo? Akanionesha kwa kidole: ile ya kila mwaka haina Bordetella ndani, inatolewa tofauti mpaka uiombe. Hakuna aliyewahi kuniambia!

Hakumpa antibayotiki kwa sababu alikua anakula na hana homa, alimpa dawa ya kupunguza uvimbe, akasema apumzike, nimtoe mkanda wa shingoni nimvalishe wa kifuani, na nisimkutanishe na mbwa wengine wiki 2 mpaka 3. Tafadhali msimpe mbwa dawa zenu za kikohozi au maumivu za nyumbani, ibuprofen inaweza kumuua. Ilikata kama siku ya 16. Ila kama mbwa wako ni mtoto wa miezi michache au mzee, au amegoma kula, au anahema kwa shida, usisubiri, inaweza kugeuka nimonia.

Januari nikampeleka kwa chanjo yenyewe. Inadondoshwa puani, hakuna sindano, nesi alimshika kidevu akainua, tone likaingia, Popi akapiga chafya tatu akajilamba, imeisha. Inarudiwa kila mwaka. Kama unataka kumuacha mahali kipindi cha likizo mpeleke wiki kadhaa kabla, usisubiri siku ya safari. Na kitu kimoja muhimu, hiyo ya puani ni ya vijidudu hai vilivyodhoofishwa, mama mkwe alikua kwetu anatibiwa saratani na kinga yake iko chini, nashukuru nilimtaja, veti akasema basi Popi asimlambe na asilale chumbani kwake wiki kadhaa. Ipo na ya sindano kwa nyumba kama hizo, ulizeni.

Chipu naipa 5/5 kwa sharti taarifa ziwe zako. Chanjo naipa 4, kwa sababu haizuii kila kijidudu, anaweza bado kukohoa ila kidogo. Siku ile ya chanjo nilimuomba nesi ampitishe Popi skana, ikalia, namba ikatokea, akaifungua kwenye kompyuta yake akanisomea jina langu na simu yangu. Nilimwambia asome tena.