Miezi saba na kikundi cha Jumatano: uzoefu wangu na ushauri nasaha wa wagonjwa wa saratani, Mombasa

Matokeo ya titi langu la kushoto nilipewa nimesimama kwenye ujia wa hospitali moja, watu wakipita na machela. "Ni saratani. Rudi Jumatatu na mtu wa nyumbani." Basi. Nilivuka feri kurudi Likoni na bahasha mkononi, na kwa wiki mbili hakuna aliyejua ila mume wangu. Upasuaji ulipita, kidonda kikafunga, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nalala vipi.

Kikundi nilielekezwa na muuguzi aliyenitundikia dripu ya kwanza ya kemo, yaani dawa kali za kuua saratani. Kuna chumba kidogo ambapo akina mama wenye saratani hukutana kila Jumatano alasiri, pamoja na mshauri nasaha.

Siku ya kwanza mshauri alinipa karatasi yenye picha ya kipimajoto, 0 chini, 10 juu, nizungushie namba inayolingana na uzito wa moyo wangu wiki ile. Pembeni kuna orodha ya kutia alama: pesa, watoto, nauli, usingizi, ndoa, imani, maumivu. Nilitaka kuandika 3 kwa haya tu. Mkono ukaandika 8. Kwao, kuanzia 4 huruhusiwi kuondoka kabla ya kukaa naye faragha. Akaanza na usingizi, nikamwambia kitu ambacho sikuwahi kukitamka: naogopa kufia usingizini, watoto waje kuniamsha asubuhi. Hakuniambia nisiogope. Aliniuliza watoto wana umri gani, na nani angewaamsha siku ambazo mimi siwezi. Tukampanga dada yangu. Usiku ule nililala.

Dawa yangu ya kemo ilikuwa ile nyekundu, mara nne, kila baada ya wiki tatu. Jioni ya mara ya kwanza nilikwenda haja ndogo nikaona mkojo mwekundu. Nikajua navuja damu ndani. Nilimpigia Bi mkubwa mmoja wa kikundi, saa nne usiku, sauti yanitetemeka. "Ni dawa hiyo yatoka, mwanangu. Kunywa maji. Kesho, kesho kutwa, itakuwa imekwisha." Na ikawa hivyo. Maneno mepesi namna hii ndiyo yaliyopaswa kuambiwa na mtu pale pale kitandani, kabla dripu haijaisha.

Jirani alipoanza kunitengea kikombe changu peke yangu, akidhani saratani huambukiza, niliulizia pale kikundini. Shangazi yangu naye alishika kuwa ni jicho la husuda, akaniletea kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya. Niliogopa mshauri atanigombeza. Akasema kombe ninywe kama moyo wangu wataka, lakini kemo nisikose hata siku moja, na dawa yoyote ya miti nimtajie daktari kabla ya kuimeza. Kwa jibu hilo nilimwamini.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni titi la leso. Nilikuwa nikitoka na buibui nimelishika mbele kwa mkono, nikidhani kila mtu anaona upande ulio bapa. Akina mama wakanipima kwa jicho, wakakata kipande cha leso kuukuu, laini kwa kufuliwa, wakashona duara lenye tumbo na kulijaza sufi. Chini hutiwa kiganja cha mtama lipate uzito, lisipande juu ukiinua mkono. Nyuma huachwa mdomo wenye kifungo, ili mtama na sufi vitolewe siku ya kufua. Nilipolivaa chini ya sidiria, bega la kushoto, ambalo nililikunja tangu upasuaji, lilishuka lenyewe.

Sasa kasoro, maana zipo. Mshauri ni mmoja. Alipokwenda likizo ya mwezi mzima hatukuletewa mwingine, na kuna waliokuwa katikati ya kemo. Wanaotoka upande wa Kwale huondoka mapema kuwahi magari, wakakosa sehemu ya mazungumzo, ambayo ndiyo yenyewe. Na waume hawana pao. Wangu alinisindikiza miezi yote saba, akakaa nje kwenye ngazi chini ya mwarobaini, amekonda kunishinda. Karatasi ya kipimajoto hakupewa. Siku moja nilimzungushia mimi mwenyewe nyumbani, nikamuuliza. Akasema 9. Nimeliwasilisha kwa mshauri mara mbili, na nitaliwasilisha tena mpaka wanaume wapate hata saa moja kwa mwezi.

Malipo hakuna, ila shilingi 50 za chai kwa anayeweza. Ukija mara ya kwanza si lazima useme neno, wengi hukaa wakisikiliza tu. Na kama una leso kuukuu ndani ya sanduku, njoo nayo. Jumatano iliyopita tulikatia wawili wapya, na vitambaa vikatuishia.