Uzoefu Wangu na Shada la Matawi Bandia Lenye Taa kwa Rafu ya Meko

Krismasi hii nilinunua shada refu la matawi bandia ya msonobari, lenye urefu wa mita 2.7 na taa ndogo za LED zilizosukwa ndani yake, ili nipambe rafu iliyo juu ya meko ya sebuleni. Nimeridhika nalo kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, jambo ambalo mtengenezaji amelipitia juu juu ndilo ninaloliona kuwa la kwanza kupimwa katika pambo lolote la mahali pa moto, nalo ni umbali wake kutoka kwenye joto.

Matawi yenyewe ni mazuri kweli. Ncha za mbele zimetengenezwa kwa plastiki ya polietilini iliyomiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo kila jani lina unene unaoonekana, ilhali za ndani ni vipande vyembamba vya plastiki ya PVC vinavyojaza nafasi na kuficha waya. Shada linapotoka kwenye boksi huwa limelala bapa, na ni lazima lifunguliwe tawi kwa tawi kuanzia katikati kwenda pembeni, ncha za juu zikinyanyuliwa, za mbele zikishushwa kidogo, na za nyuma zikiachwa zilale ukutani ili lisijisukume mbele na kuanguka. Kazi hiyo inahitaji subira, lakini ndiyo inayolifanya shada lionekane limejaa.

Taa zina mwanga wa manjano tulivu unaopatana na rangi ya moto, jambo ninalolithamini sana, kwa kuwa mwanga mweupe mkali ungeifanya rafu ionekane kama kaunta ya duka. Zinatumia betri 3 za AA na zina taima inayoziwasha kwa saa 6 na kuzizima kwa saa 18. Kisanduku cha betri kiko mwishoni mwa waya, nami nimekificha nyuma ya chombo cha maua kwenye ncha ya rafu, mbali na joto.

Ninaloshindwa kulisifu ni kulabu za gundi zilizokuja pamoja na shada. Gundi ya namna hiyo hulegea ikipata joto, na meko ikishawaka jioni nzima, kulabu zilianza kuteleza. Nimeziondoa na kutumia kulabu nzito za chuma zinazokaa juu ya rafu kwa uzito wake zenyewe, nazo hazijasogea. Picha ya kwenye boksi nayo inanisikitisha, kwani inaonyesha shada likining'inia hadi mbele ya mdomo wa meko, huku maandishi yakisema tu kwamba plastiki yake haishiki moto kwa urahisi. Maneno hayo yana maana kwamba inachelewa kuwaka, si kwamba haiwaki. Tena plastiki hulainika na kupinda muda mrefu kabla ya kuungua.

Kanuni ya ujenzi wa nyumba inayotumika sana Marekani, iitwayo IRC, inataka mbao na vitu vingine vinavyoweza kuungua visikae ndani ya inchi 6, yaani takriban sentimita 15, kutoka kwenye mdomo wa meko. Ndani ya inchi 12, kitu cha namna hiyo hakiruhusiwi kujitokeza mbele kupita moja ya nane ya umbali wake kutoka mdomoni. Shada hujitokeza zaidi ya hapo, na ndiyo maana langu linalala juu ya rafu tu, ncha zake zikishuka nje kabisa ya nguzo za pembeni. Soksi za mapambo ya Krismasi na utepe unaoning'inia huviondoa kabla ya kuwasha moto, na wavu wa kuzuia cheche hukaa mbele ya meko muda wote.

Kwa mapambo ya ziada niliona kidogo kinatosha: koni za msonobari, utepe wa mahameli mwekundu uliopenyezwa katikati ya matawi, na upande mmoja mishumaa ya betri ya vimo mbalimbali, kwa kuwa mshumaa wa moto haufai kabisa karibu na plastiki. Upande wa pili niliuacha karibu mtupu, na rafu ikapendeza zaidi kuliko kama ningelinganisha pande zote mbili.

Wapo watakaouliza kama matawi halisi si bora, na kwa harufu hakuna ubishi. Kwa mtu asiyewasha meko yake ningeyapendekeza hayo bila kusita. Juu ya moto unaowashwa kila jioni, hata hivyo, matawi mabichi hukauka upesi, na yakikauka huwaka kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo hapo nachagua shada hili, kwa masharti niliyoyataja.

Boksi lake ni imara na linafaa kulihifadhia hadi mwaka ujao. Betri ni vyema zitolewe kabla ya kulifunga, kwa sababu zikiachwa ndani zinaweza kuvuja na kuharibu vishikio vya betri.