TAHADHARI: Wenye Hilux D-4D (za dizeli) mnaopita Msamvu, Morogoro, kuna fundi wa mashine ya kupima magari, ni mwizi

Ndugu zangu, naandika mikono inatetemeka. Nimeibiwa mchana kweupe, nimesimama pembeni ya boneti yangu mwenyewe, na pesa nimeituma kwa vidole vyangu.

Juzi nilikuwa na mzigo wa kupeleka Dar. Nyanya za Ilula, zimejaa mpaka juu. Mikumi tumevuka salama, mbele kidogo taa ya injini ikawaka, nakanyaga mafuta gari haivuti. Nimejikokota mpaka Msamvu saa saba mchana, jua kali, nyanya zimeanza kutoa maji. Hapo ndipo akaja. Ovaroli safi, mkononi mashine ya kusoma namba za hitilafu za gari, na aliyemleta ni dereva ninayefahamiana naye miaka. Ningemkataa kwa lipi?

Akafungua boneti, akainama kwenye reli ya dizeli (bomba linalogawa mafuta kwenye nozeli), nikasikia "tak". Nikajua anakagua. Akachomeka mashine chini ya usukani, akaniita: "Bosi, njoo usome mwenyewe." Namba ya hitilafu ikasomeka P0193. "Sensa ya presha ya mafuta imekufa hiyo. Ukiondoka hivi unaua pampu na nozeli zote nne." Nozeli nne! Dereva mwenzangu, bei ya nozeli unaijua, wewe ungetulia?

Akaanza na 600,000. Tukavutana mpaka 450,000, nikamrushia kwenye simu, bodaboda akaleta boksi. Akafunga, akafuta ile namba mbele yangu, taa ikazima. Nikampa mkono. Nikamwombea na dua, wallahi. Sensa yangu ya zamani akaitia mfukoni nikimwona.

Chalinze gari ikarudia vilevile. Nimeingia Dar kwa kuvutwa, na nusu ya nyanya nimezimwaga.

Huko Dar nikampata fundi mmoja mzee wa Tabata. Yeye hakugusa boneti. Alipima kwanza: P0087, presha ya reli iko chini. Akafungua filta ya dizeli, nyeusi kama lami. Kisha akaniambia, "Sikiliza." Akachomoa soketi ya sensa. "Tak." Ile ile! Akawasha swichi, mashine ikaandika P0193. Nilikaa chini kwenye matairi, sikuweza kusema kitu.

Sensa yangu ilikuwa nzima. Ilikuwa inasema kweli, mafuta hayafiki. Mwizi yule alichomoa waya ili mashine iseme uongo, akaniuzia sensa iliyotumika, makovu ya spana yamejaa kichwani, akaondoka na yangu nzima. Bila shaka sasa imefungwa kwenye gari la mwingine aliyedanganywa kama mimi. Filta tu ndiyo iliyobadilishwa, gari inaruka.

Kwa hiyo mashine itangulie, mkono kwenye injini ufuate. Namba zote ziandikwe kabla hazijafutwa. Sensa yangu ina waya tatu, mwenye mita apime swichi ikiwa imewashwa, volti 5 zinatakiwa zifike kwenye waya wa umeme. Boksi langu lilikuja limeshafunguliwa, nikaona, nikanyamaza. Na kifaa chako cha zamani usikiache!

Mtu huyu afungwe. Afungwe na yule wa bodaboda, na anayemhifadhia vile vifaa. Anakula jasho la watu wenye mizigo inayooza, anajua hawana muda wa kubishana naye.

Jumatatu nakwenda polisi Morogoro na ujumbe wa muamala. Kama nawe alikusomea P0193 pale Msamvu, niandikie, twende wote.