Baada ya upasuaji wa kupunguza unene: samaki au mbaazi za nazi?

Mombasa asubuhi ni mbaazi za nazi na mahamri, na aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa kupunguza unene huzitamani mno. Lakini tumbo lililobaki ni dogo, vijiko vichache tu limejaa. Protini ndiyo itangulie. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku.

Hapo samaki ashinda waziwazi. Gramu 100 za changu au tafi aliyepikwa zina protini ya gramu 20 hivi. Mbaazi zilizoiva, kiasi hichohicho, zina kama 7 tu. Nyama ya samaki ni laini, na kwa ndimu na bizari kidogo haichushi. Tafi ana miiba mingi, mchambue vizuri. Nguru ni rahisi zaidi, ila akichomwa hukauka na hukwama kifuani. Mpike kwa mchuzi mwepesi.

Mbaazi nazo zina nyuzinyuzi, na choo kigumu huwasumbua wengi baada ya upasuaji. Tatizo ni tui zito: mafuta mengi yaweza kuleta kichefuchefu na kuharisha, hasa kwa waliofanyiwa upasuaji wa kuunganisha tumbo dogo moja kwa moja na utumbo. Tumia tui la pili, kisha uziponde. Mahamri yaache kabisa miezi ya mwanzo.

Mimi ningeanza na samaki wiki za chakula laini, mbaazi zifuate baadaye daktari akiruhusu. Na maji yasubiri nusu saa baada ya kula, hata joto likiwa kali vipi.