Mizani ilikuwa tupu, inasoma kilo tano

Mizani ya kaunta ilikuwa tupu na inasoma 5.4. Naomba usome tena hapo. Begi la mama yangu lilikuwa limeshashushwa, liko sakafuni, limefunguliwa mbele ya foleni nzima. Juu ya mizani hakuna hata karatasi, na zile namba nyekundu zinaonyesha kilo tano na pointi nne. Kilo za nini? Za hewa?

Shirika la ndege silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua, na tuliokuwa nao kwenye foleni asubuhi ile watajua pia, hasa yule baba mwenye watoto wawili aliyekuwa mbele yetu. Alilipia kilo nne za ziada akaondoka bila neno. Baba, kama unasoma hapa, sidhani kama zile kilo ulikuwa nazo.

Ilikuwa siku chache kabla ya Krismasi, wakati ambao nusu ya Wachagga wa Dar wako njiani na nusu nyingine wanatafuta tiketi. Mama alikuwa kwangu Tabata kwa miezi kadhaa anahudhuria kliniki ya goti. Kwa basi kutoka Mbezi Louis hadi kwetu Machame ni kutwa nzima umekunja miguu. Treni ya kaskazini iliyorudi mwaka 2019 inalala njiani. Goti lake halitaki yote mawili. Nikasema safari hii mama anapanda ndege, na anapanda kwa raha.

Nilijipanga. Nalisema hili kwa sababu kila ninayemsimulia swali lake la kwanza ni "kwani hukujiandaa?" Tiketi nilikata mapema, miezi kabla, maana anayeijua Desemba ya Moshi anajua nauli inavyopaa siku zikikaribia. Majina niliyaandika kama yalivyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA, herufi kwa herufi. Siku tatu kabla nilipiga simu kuomba kiti cha magurudumu. Dawa zake, kadi ya kliniki na pawabenki yangu nikaviweka kwenye mkoba wa mkononi. Pawabenki haipelekwi na mizigo ya chini ya ndege, betri yake ikishika moto kule hakuna wa kuiona. Dereva sikumwambia "Epoti" peke yake, nilimtajia na jengo, kwa sababu pale Julius Nyerere majengo ya abiria ni matatu na la kwanza liko mbali na wenzake. Nimewahi kumwona mtu amelia pale kwa kushushwa siko. Tukatoka nyumbani usiku bado, Barabara ya Nyerere haijajaa.

Na begi nililipima. Tiketi inaruhusu kilo 23. Jioni ya kuamkia safari tulilibeba hadi kwa Mangi wa duka la jumla, ana mizani ya chini ya kupimia magunia, ina stika ya Wakala wa Vipimo na haijaisha muda wake. Kilo 21 na nusu. Mama akafurahi, akasema basi tuongeze sukari kilo moja ya majirani. Nikamkatalia, nikamwambia tusije tukapata usumbufu. Hiyo kilo ya sukari inaniuma mpaka leo.

Mlangoni tulipokewa na kijana wa kiti cha magurudumu, tukafika kaunta. Mama akamsalimia dada wa kaunta, "Hujambo mwanangu?" Mama yangu ana miaka sabini na kitu. Hata aliyefika mjini jana anajua kilichotakiwa kutangulia pale ni shikamoo, tena kutoka upande wa pili. Shikamoo haikutoka. Hata ile salamu ya mama haikuitikiwa. Alinyoosha mkono bila kuinua macho: "Vitambulisho."

Begi likapanda. 26.9.

"Imezidi kilo nne. Mnalipia au mnapunguza?"

Nikasema jana tu nimelipima, ni 21 na nusu. Akauliza nimelipimia wapi. Nikamwambia. Akamwangalia mwenzake, wakacheka. "Hapa si dukani, dada." Nikasema basi nalipa, yaishe. Nikaelekezwa dirisha lingine ambalo foleni yake imefika mlangoni, na muda unakwenda. "Kama huwezi kupanga foleni punguza, upishe wenzako wahudumiwe." Halafu akamgeukia mama: "Na wewe bibi, unasafiri au unahama?"

Nikafungua begi sakafuni. Juu kabisa ilikuwa bahasha ya picha za eksirei za goti. Chini yake nguo zake za ndani, amezikunja mwenyewe moja moja. Halafu mchele wa Kyela, kanga doti mbili za dada zake, na sufuria. Foleni imesimama inatazama. Mama hakusema kitu. Alivua mtandio mabegani, akainama kutoka kwenye kiti na goti lake lile lile, akaufunika juu ya nguo zake. Kisha akaushikilia pale kwa kiganja, kama mtu anayezuia upepo usiupeperushe.

Ndipo nikainua macho nikaiona ile 5.4.

"Dada, mizani yako iko tupu na inasoma kilo tano."

"Usinifundishe kazi."

"Iangalie tu."

Hakuiangalia. Yule kijana wa kiti ndiye aliyeniambia kwa sauti ya chini, "Dada, peleka ya pembeni." Kaunta ya pembeni ilikuwa inasoma sifuri. Nikarudisha kila kitu ndani, mchele, sufuria, vyote, nikalipandisha begi. 21.6. Tofauti na mizani ya Mangi ni gramu mia moja. Nikamwita aje aone. Akaja, akaona, akasema, "Haya, lete," akabandika lebo.

Haya, lete. Basi.

Sisemi alifanya makusudi. Mizani ni mashine, inapigwa na mabegi kutwa, inayumba, na kuirudisha sifuri ni kubonyeza kitufe. Mashine mbovu naielewa na ningeisamehe kabla sijafika kwenye ukaguzi. Ila mbona kuinua macho kulikuwa kugumu hivyo? Mzee amekusalimia, umemuumbua mbele za watu kwa kosa la mashine yako, umeshajua kuwa ni mashine yako, na bado neno "samahani mama" linakushinda? Na waliokuja mbele yetu tangu kaunta ifunguliwe, nani aliwarudishia hela zao? Nilimuuliza hilo pia. Aliita, "Anayefuata."

Yule kijana wa kiti nataka nimseme vizuri, maana naye ana sare ya pale pale. Tangu mlangoni alimwamkia mama, "Shikamoo mama, pole na goti." Wakati begi limefunguliwa, alisogea akasimama katikati ya mama na foleni, akatupa mgongo, ili watu wasione na yeye mwenyewe asione. Hakuna aliyemtuma. Akamsukuma mama hadi kwenye ndege, akamshika mkono ngazini hatua kwa hatua, hana haraka. Kwa ajili yake peke yake nilipoanza kuandika hapa niliweka nyota tatu.

Ndege yenyewe haina neno. Ilichelewa kidogo, rubani akaomba radhi, na muda wa angani ni kama saa moja tu mpaka KIA. Mama nilimchagulia kiti cha dirishani upande wa kulia makusudi, kwa sababu ukitoka Dar mlima unauona upande huo. Siku ile Kilimanjaro ilikuwa wazi, mawingu yote yako chini. Nikamgusa, "Mama, angalia." Akasema ameuona. Alikuwa anatazama mikono yake.

Kuanzia uwanjani hadi Boma Ng'ombe hakuongea. Nyumbani walipomuuliza ndege ikoje alisema ni nzuri, akaomba maji.

Nikaandika malalamiko. Jibu la kwanza lilikuwa lile la kompyuta, asante kwa kuwasiliana nasi. Baada ya kama wiki akanipigia dada mwingine kutoka ofisini kwao, mpole kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akasema mizani imeangaliwa, akaniomba radhi, na akanipa punguzo la safari ijayo. Nikalainika. Siku mbili nzima nilikuwa nasema labda nilizidisha, Desemba kila mtu amechoka, huenda yule binti hakulala, na hao walionipigia ni waungwana. Nikapandisha zikawa nne. Halafu ikanijia: wameniomba radhi mimi. Mimi sikuitwa bibi anayehama. Namba ya mama niliwapa siku ile ile na wakaniahidi kumpigia. Simu yake iko wazi, anaiweka kwenye mfuko wa sweta. Mpaka leo ninapoandika hakuna aliyempigia. Kwa hiyo ni nyota moja, na hiyo moja ni ya kijana wa kiti, si ya shirika.

Kwa mtakaosafiri Pasaka au Desemba ijayo na shirika lolote lile: kabla hujaweka begi, tazama namba kwenye mizani. Kama si sifuri usiweke, omba irudishwe sifuri kwanza, na omba kwa sauti ili na wa nyuma yako wasikie. Begi ulipime nyumbani na upige picha namba zikionekana. Na vile vitu unavyoweza kuviacha, mchele, unga, sukari, vitie kwenye mfuko wake uuweke juu kabisa, ili ikibidi kupunguza utoe mfuko mmoja ufunge zipu. Nguo za mzazi wako weka chini. Hili mimi sikulijua, na ndilo ninalojilaumu.

Kama nitawapanda tena? Mwanzo nilitaka kuandika kamwe. Lakini kwa goti lile sina njia nyingine, na punguzo lao liko kwenye simu yangu, linakaribia kuisha muda. Kliniki ya mama ni mwanzoni mwa mwezi ujao. Juzi nimempigia kumuuliza nimkatie tiketi ya tarehe ngapi. Akaniambia nisihangaike mwanangu, ameshamwagiza mdogo wangu amkatie ya basi, kiti cha mbele, ataweza kunyoosha mguu.