Roco Z21 na Wi-Fi ya nyumbani
Kidhibiti hiki cha treni za modeli kinaendesha vizuri, ila kisanduku cheusi chenyewe hakina Wi-Fi: unakichomeka kwenye ruta kwa kebo, simu inakifikia kupitia hapo. Wengi hukwama kwenye anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao. Kiwandani kimepewa 192.168.0.111, na ruta nyingi hugawa 192.168.1.x, kwa hiyo haviko kwenye mtandao mmoja: taa zinawaka, programu ya simu haioni kitu. Ipe kompyuta ya Windows anwani ya muda, mfano 192.168.0.50, fungua Z21 Maintenance, programu ya mipangilio ya kidhibiti, ubadilishe anwani ya kisanduku iendane na za ruta yako. Chagua namba ambayo ruta haigawi, la sivyo televisheni itaikwapua. Simu isiwe kwenye Wi-Fi ya wageni, maana mara nyingi imetengwa. Ruta inayokuja kwenye boksi haina usumbufu huu wote, ingawa simu itakosa intaneti.