Tahadhari kwa Wanaonunua Akwariamu ya Kwanza: Jihadharini na Muuzaji wa "Seti Kamili, Samaki Siku Hiyo Hiyo"

Ikiwa unakusudia kuweka tangi la samaki nyumbani kwa mara ya kwanza, tafadhali mwepuke muuzaji anayekuahidi tangi, kichujio, taa, changarawe, mimea na samaki, vyote kwa mkupuo mmoja, na kukuhakikishia kwamba maji yatakuwa tayari jioni ya siku hiyo hiyo. Ahadi hiyo si ya kweli. Tangi jipya lililojazwa maji asubuhi haliwezi kutunza samaki kumi na watano jioni bila kuwadhuru, isipokuwa limefungwa kichujio kilichokwisha kukomaa, yaani kilichokwisha kuota bakteria wanaosafisha maji, katika tangi jingine lenye samaki wazima. Ninaandika haya kwa sababu wanaoniomba ushauri baada ya samaki wao kufa husimulia mambo yale yale, tena wengi wao hawakuzembea hata kidogo. Walifuata barabara maelekezo ya mtu aliyejua, au aliyepaswa kujua, kwamba maelekezo hayo yangewaua samaki.

Ili uutambue udanganyifu huu, ni lazima kwanza ufahamu kinachotokea ndani ya maji. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi chake, na chakula kilichobaki huongeza amonia hiyo kinapooza. Amonia ni sumu kali, na ukali wake huzidi maji yanapokuwa na joto au yanapoelekea upande wa alkali. Kundi moja la bakteria huibadilisha kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huingia katika damu ya samaki na kuizuia kubeba oksijeni. Kundi la pili huibadilisha nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki wengi huistahimili ikiwa kidogo, na ambayo mfugaji huiondoa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao huishi zaidi kwenye sponji ya kichujio na juu ya changarawe kuliko ndani ya maji yenyewe, na kuwakuza tangu mwanzo huchukua kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Muuzaji anayesema kwamba maji yakituama usiku mmoja yanakuwa yamekomaa anachanganya mambo mawili, ama kwa kutojua ama kwa makusudi: kutuama huondoa klorini, wala hakuzalishi bakteria, na mahali ambapo maji ya bomba hutiwa kloramini badala ya klorini, hata hiyo dawa yenyewe haitoki kwa kutuama.

Sasa itazame dhamana anayokupa. Mara nyingi utaambiwa kwamba samaki akifa ndani ya siku mbili au tatu utapewa mwingine bure, na mnunuzi huiona hiyo kuwa dalili ya uaminifu. Lakini katika tangi jipya amonia hujikusanya polepole, na samaki wengi huanza kudhoofika mwishoni mwa wiki ya kwanza au katika wiki ya pili, wakati dhamana imekwisha kupita. Nitriti hufuata baadaye, ikawamalizia walionusurika. Kwa maneno mengine, muda wa dhamana umepangwa uishe kabla ya hatari kuanza, na mimi sikubali kwamba mtu aliyeuza samaki kwa miaka mingi hajawahi kuligundua jambo hilo.

Ukirudi kulalamika, hapo ndipo biashara ya pili inapofunguliwa. Utaulizwa dalili, nawe utasema kwamba samaki wanahema kwa haraka karibu na uso wa maji, mapezi yamebanwa mwilini, matamvua yamekuwa mekundu na maji yameingia ukungu mweupe. Muuzaji mwaminifu angeomba apime maji. Huyu ninayekuonya juu yake hatapima chochote. Atataja ugonjwa na kukuuzia dawa, na baadhi ya dawa hizo, hasa za kuua bakteria, huwaua pia wale wachache waliokuwa wameanza kuota kwenye kichujio. Kisha atakushauri uoshe kichujio chote kwa maji ya bomba, ubadilishe sponji kwa mpya na umwage maji yote, yaani urudi mwanzo kabisa. Baada ya hapo atakuuzia samaki wengine. Kila hatua inakugharimu na kila hatua inazidisha tatizo, na mwisho wake mtu huamini kwamba hana mkono wa kufuga samaki, akaachana na jambo ambalo angelifurahia kwa miaka mingi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Udanganyifu mwingine uko katika aina ya samaki wenyewe. Mgeni huuziwa vifaranga bila kuambiwa watakavyokuwa. Samaki anayeitwa papa wa maji baridi, ambaye jina lake la kisayansi ni Pangasianodon hypophthalmus, si papa bali ni jamii ya kambare, na akikua hupita urefu wa mita 1. Kambare mkia-mwekundu, Phractocephalus hemioliopterus, naye hufikia kiasi hicho, ingawa dukani anatosha kiganjani. Yule anayeuzwa kwa sifa ya kusafisha tangi, mwenye mdomo wa kunyonya vioo, aghalabu ni wa aina inayofikia sentimita 30 na zaidi, na kinyesi chake ni kingi kuliko uchafu anaoula. Hakuna samaki anayemwondolea mfugaji kazi ya kusafisha. Samaki wa dhahabu huuzwa pamoja na bakuli la duara, ilhali anaweza kuzidi sentimita 20 na kuishi zaidi ya miaka 10. Samaki aitwaye beta huwekwa katika chombo kisichozidi glasi ya maji kwa hoja kwamba anavuta hewa juu ya uso wa maji. Ni kweli anavuta, lakini amonia humuunguza kama wengine, na anahitaji maji ya joto la takriban nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi. Kwa hiyo mtake muuzaji akuandikie jina la kisayansi la kila samaki na ukubwa wake akikomaa. Akisema kwamba samaki hukua kulingana na tangi, ondoka. Samaki aliyebanwa hudumaa kwa sababu anaumia, na hufa kabla ya wakati wake.

Kuna pia samaki waliopakwa rangi. Parambassis ranga kwa asili ana mwili unaopenya mwanga kama kioo. Ukimwona ana mistari ya waridi, kijani au buluu inayong'aa mgongoni, fahamu kwamba amedungwa sindano ya rangi. Rangi hiyo hufifia baada ya miezi, na kidonda cha sindano hufungulia njia magonjwa. Usimnunue hata kwa huruma, kwa kuwa kila anayenunuliwa huagiziwa mwingine. Mimea nayo ichunguze: Dracaena sanderiana, inayojulikana kama mianzi ya bahati, ni mmea wa nchi kavu, na ukizamishwa wote majini huoza na kuongeza amonia ile ile tunayoikimbia.

Kuhusu tangi lenyewe nitasema machache. Dogo si rahisi kulitunza, kwani katika maji machache sumu hupanda upesi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo ujazo wake ni lita 54, ni mwanzo mzuri zaidi kuliko bakuli lolote. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, hivyo meza anayokuongezea muuzaji iwe imara na sawa. Likiwa limetumika, lijazwe maji mbele yako au kabla hujakamilisha malipo, likae saa 24 au zaidi ukitazama viungio vya silikoni. Anayekataa jaribio hilo anajua kwa nini anakataa.

Wanaouza kupitia mitandao ya kijamii wana hatari ya ziada. Picha ya tangi zuri lenye mimea iliyostawi inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Omba video fupi ya tangi hilo likiwa na karatasi iliyoandikwa tarehe ya siku hiyo kando yake. Usitume fedha kwanza ili "kuwahifadhi" samaki. Likija ombi la pili la fedha, iwe ni kwa ajili ya sanduku maalumu la usafiri, kibali au cheti cha afya ambacho hakikutajwa tangu mwanzo, simamisha mawasiliano papo hapo, maana ombi la tatu liko njiani.

Kuna chupa za bakteria hai zinazouzwa ili kuharakisha ukomavu wa tangi, nazo si za uongo zote, baadhi husaidia. Hata hivyo, bakteria hao ni viumbe, na chupa iliyokaa juani au iliyopitwa na tarehe inaweza kuwa na maji matupu yenye harufu. Ushahidi pekee unaofaa ni kipimo cha maji: weka chanzo cha amonia, kama chakula cha samaki kiachwe kioze, katika tangi lisilo na samaki, acha kichujio kifanye kazi usiku na mchana, upime hadi amonia na nitriti zisomeke 0 na nitreti ionekane. Ndipo ununue samaki, tena wachache, uongeze wengine baada ya wiki kadhaa. Muuzaji anayekubali kukuuzia tangi leo na kukuambia urudi kwa samaki mwezi ujao ndiye wa kumshika.

Kwa aliyekwisha kuuziwa seti ya namna hii na ana samaki walio hai, bado kuna la kufanya. Badilisha theluthi hadi nusu ya maji kila siku kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini na yenye joto linalokaribiana na la tangi. Wanyime chakula kwa siku moja au mbili, kisha uwape kidogo sana. Usizime kichujio, na sponji yake isuuze tu katika maji uliyoyatoa tangini. Ukimfahamu mfugaji mwenye tangi la muda mrefu na samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake iliyotumika, ukisafirishe kikiwa kimelowa na kukiweka ndani ya kichujio chako siku hiyo hiyo. Usiongeze samaki yeyote hadi vipimo vitulie. Tunza risiti, ujumbe wa ahadi ulizopewa na picha za vipimo zenye tarehe, kwa sababu muuzaji atakayedai kwamba uliwalisha vibaya atapata shida kulipinga tangi lililosoma amonia juu siku ya tano, wakati yeye aliandika kwamba lilikuwa tayari siku ya kwanza.